Pile Iliyokuwa na Meno Yangu

Nilipokuwa mtoto, kitu kilichoheshimiwa kuliko vyote nyumbani kwetu hakikuwa Biblia ya mjomba wala picha ya harusi ya wazazi wangu. Kilikuwa tochi ya bati, ya pile mbili, yaani betri mbili, yenye kioo kilichopasuka na kifungo cha kusukuma ambacho kilitii kidole cha Mama peke yake. Sisi watoto tulilala wanne kwenye mkeka mmoja. Tochi ilikuwa na kitambaa chake na msumari wake ukutani.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya kwetu Fizi. Tulikuwa tumekimbia kutoka Baraka, tukapanda hadi karibu na Lubondja, kwenye nyumba ya udongo isiyo na dirisha tuliyoazimwa na ndugu wa Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama mzazi wa Mama. Baba na mume wa dada yangu Riziki walikuwa wamepitia Kazimia kwenda ng'ambo ya ziwa kututafutia mahali, nasi tungewafuata Riziki akishajifungua. Kwa hiyo maisha yetu yote yalisimama yakilisubiri tumbo la Riziki, na tumbo la Riziki lilikuwa likisubiri tochi.

Mama alikuwa mzalishaji. Miaka ya nyuma, kule Baraka, aliwahi kumzalisha mwanamke gizani, akahisi joto mikononi na kudhani ni maji. Hayakuwa maji. Hakutusimulia zaidi ya hapo, ila tangu siku ile aliapa kwamba hatagusa uzazi bila mwanga. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, na moto wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha unamulika kila kitu isipokuwa kile unachotaka kukiona. Ilibaki tochi.

Pile zake mbili zilifika nyumbani pamoja, zikiwa mpya, na siku hiyo hiyo mimi nikaziuma. Watoto wa Baraka tuliziuma pile zilizokufa ili kuzikamua nguvu ya mwisho. Kuuma pile mpya ni kitendo kisicho na utetezi, wala sijawahi kukitetea. Zilikuwa na ganda la karatasi ngumu, na juu ya kila moja nikaacha alama ya meno yangu ya mbele, mojawapo likiwa limevunjika kona kwa kuanguka mtoni. Mama alinichapa. Koko alichukua zile pile, akazipangusa, akazifunga pamoja kwenye kitambaa, akatoa sheria.

"Hizi ni mapasa," alisema. "Zilizaliwa siku moja, zinafanya kazi siku moja, zinalala siku moja. Mutu asizitenganishe. Ukimutenganisha pasa na mwenzake, mwenye nguvu anampatia mugonjwa nguvu yake yote, mpaka bote babili banalala."

Kwa Koko, mapasa, yaani mapacha, halikuwa jambo la kuchezea. Yeye mwenyewe alizaa mapacha. Mmoja wao ni Mama. Mwingine hakuishi kufikia umri wa kutembea, lakini nyumbani kwetu neno "alikufa" halikusemwa kamwe juu yake. Ilisemwa kwamba ameenda kutafuta kuni. Mama alifika umri wa kuwa na watoto wakubwa huku mwenzake akiwa bado yuko porini anatafuta kuni, na kila Koko alipompa Mama kitu, nguo au kipande cha samaki, alitenga kidogo pembeni. Mama alipokea sehemu yake. Nilimwona mara nyingi akigeuza uso.

Sasa Koko alikuwa ametangaza kwamba tumbo la Riziki nalo lina mapasa. Alilipima kwa macho akiwa mlangoni, akamaliza. Katika nyumba inayosubiri mapasa, alisema, hakuna kitu cha pea kitakachotenganishwa: viatu, bakuli na kifuniko chake, pile.

Ndipo serikali ikaingilia. Nasema serikali kwa heshima tu. Lilikuwa kundi lililokishika kilima kile msimu ule, na kama kila kundi lenye bunduki na meza, lilikuwa na bureau, yaani ofisi. Mwanga ulionekana mlimani usiku mmoja, kila upande ukaulaumu mwingine kwamba unatoa ishara, na bureau ikapata wazo. Tangazo lilisomwa uwanjani mwa kanisa baada ya ibada: kila mwenye tochi aiandikishe, tochi abaki nayo, na pile moja abaki nayo, ila pile ya pili itunzwe bureau. Mwenye haja halali atakuja mchana, ataeleza haja yake, atapewa.

Nimefanya kazi na makaratasi maisha yangu yote, na bado naliona tangazo lile kuwa kazi ya akili. Hakuna aliyenyang'anywa tochi. Watu wote walikuwa na tochi, na hakuna hata moja iliyowaka.

Aliyesimamia jambo hilo aliitwa Sekretere. Kabla ya vita alifundisha darasa la tatu, na kashe yake, ule muhuri wa bureau, aliuchonga mwenyewe kutoka soli ya ndara. Alikuwa mtu mwaminifu. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Kila pile iliyoletwa aliandika jina la mwenyewe kwenye rejista, kwa mwandiko mzuri, kisha akaitupa pile ndani ya katoni la sabuni pamoja na zingine. Juu ya pile zenyewe hakuandika kitu, kwa kuwa tangazo halikusema ziandikwe.

Koko alilia siku ile pile ilipoondoka. Mjomba Wilondja, kaka yake Mama, alimcheka.

"Mama, pile haina tumbo wala kitovu. Iko kiloko, kitu tu ya kiwanda."

"Na weye uliyetoka katika tumbo yangu," Koko alimjibu, "uko na akili gani ya kuizidi?"

Mjomba alikuwa amesoma miaka miwili ya umeme kabla shule haijafungwa. Miaka miwili ni kipimo kibaya sana cha elimu: inatosha kukufundisha kufungua kitu, haifiki kwenye sura ya kukifunga.

Wiki tatu baadaye Mama alimpapasa Riziki tumboni, akanawa mikono, akaenda bureau kueleza haja yake halali. Alirudi na karatasi yenye kashe na pile moja. Aliitia kwenye tochi, akasukuma kifungo. Ndani ya kioo kilionekana kijiwaya chekundu, chembamba kama unywele, kikatetemeka, kikazimika.

"Leta hapa," alisema mjomba, na macho yake yaling'aa kuliko tochi.

Siku mbili zilizofuata sizisahau. Kwanza alisema ni resori, ule waya wa kujikunja ulio ndani ya kifuniko cha nyuma, kwamba umechoka. Aliuvuta ili urefuke. Ukarefuka, ukamruka, ukaingia kwenye majivu ya jikoni. Tuliupata. Kisha akasema ni kutu, akasugua bati kwa mchanga wa mtoni mpaka tochi ikang'aa ndani kuliko nje. Kisha akasema umeme haupiti vizuri, akaanza kukunja karatasi za fedha za pakiti za sigara na kuzishindilia kila penye nafasi, mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

Na kila baada ya tiba ilibidi tujaribu, na kujaribu tochi saa sita mchana katika jua la Fizi ni kazi ya kuaibisha. Mjomba alijifunika blanketi kichwani. Sisi tulisimama tukiliangalia lile blanketi.

"Inawaka?" Mama aliuliza.

"Ngoja."

"Mi nauliza, inawaka?"

"Iko... iko inafikiri."

Alipochoka na joto la blanketi alihamia kwenye chungu kikubwa cha kupikia ugali. Alitia kichwa na tochi humo, na majibu yake yakatoka kwa sauti ya mzimu, ambayo haikumpunguzia Riziki wasiwasi hata kidogo.

Siku ya pili akaishtaki ampuli, yaani ile taa yenyewe ndogo. Aliifungua aitazame kwenye mwanga, ikamponyoka. Hilo lisingekuwa neno, kama Koko asingekuwa ameketi hapo chini na ungo wa maharage akiyachagua. Ampuli ni kubwa kama harage. Tulichagua maharage yale mara tatu, watu watano, tangu asubuhi hadi jua lilipopinda, na Riziki naye na tumbo lake akainama kuchagua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haraka zaidi yetu. Ampuli ilionekana katika nywele za mdogo wangu.

Ampuli ilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwa kizima. Tochi haikuwaka.

"Mumemaliza?" Koko aliuliza.

Mjomba aliiweka tochi mkekani, naye Koko akaendelea.

"Ile pile haiko ya kwetu. Bamekupatia mutoto wa bengine, naye iko mugonjwa. Inamunyonya wa kwetu tangu jana, na munamuacha humo ndani."

"Mama," mjomba alianza, "pile ni chimie, ile kemia ya shule..."

"Mutoshe," alisema Mama, maana yake mtoe humo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akichukua upande wa Koko katika habari ya mapacha. Alimwaga zile pile kwenye kanga, nami nikazichukua mkononi. Moja ilikuwa na meno yangu, na kona ile iliyovunjika. Nyingine niliizungusha mara mbili. Ilikuwa na madoa meupe upande mmoja, kama jasho lililokauka, lakini meno haikuwa nayo.

"Mama, hii sikuiuma," nilisema.

Kwa mara nyingine tena katika maisha yangu nilitegemea kuchapwa kwa ajili ya zile pile. Badala yake Mama alinishika mkono, tukaenda bureau, Koko akitufuata nyuma na pile yetu kwenye kitambaa.

Sekretere alikuwa anakula. Alifunika muhogo wake na rejista, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua rejista na kuweka kidole.

"Mama, uliweka pile moja. Umepokea pile moja. Hesabu iko sawa."

"Shefu, hii uliyonipa iko imekufa."

"Kwenye rejista hakuna kufa."

"Binti yangu atazaa leo ao kesho. Nitamuangalia na nini, na rejista?"

"Mi naelewa, mama. Lakini pile ni pile. Nikianza kubadilisha, kesho kila mutu atakuja kusema yake ilikuwa muzuri zaidi. Uko na alama gani ya kuonyesha ni yako?"

Mama alinisukuma mbele. "Mwenye alama ni huyu."

Nilieleza. Sekretere alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama, naamini, watoto wa darasa la tatu waliosema mbuzi amekula daftari. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na kwa mtu wa utaratibu hakuna furaha kama kesi isiyotajwa katika utaratibu. Alivuta karatasi mpya. Akasema itabidi alama yangu ichukuliwe kwanza, mbele ya mashahidi, kabla katoni halijafunguliwa, ili nisiseme tu yoyote nitakayoipenda. Akatafuta kitu cha kuuma. Hakukuwa na kitu. Akautazama muhogo wake muda mrefu, akakata kipande, akanipa.

"Uma. Usikule."

Niliuma, sikula. Kipande kile kiliwekwa juu ya meza, kikawa ushahidi. Kisha akamwaga katoni. Ziliporomoka pile za kilima kizima, nyekundu, nyeusi, zenye picha ya paka, nyingine zimeanza kulia maji, nasi tukaanza kuzizungusha moja moja. Kabla hatujatoka nyumbani mjomba alikuwa ametuhakikishia kwamba pile yetu iko kwenye redio ya mkubwa wa kundi na tusijichoshe. Alikosea hapo pia. Katika vita vile niliona kila aina ya wizi, lakini pile ile hakuna aliyeiiba. Ilikuwa chini kabisa ya katoni, haikuguswa, ikiwa na meno yangu manne na kona moja iliyovunjika.

Sekretere aliilinganisha na muhogo. Akavua miwani, akaivaa, akalinganisha tena. Kisha akaandika, kwa Kifaransa safi, karatasi ndefu ambayo Mama aliitunza miaka mingi, inayosema kwamba meno ya mtoto aliyefika mbele yetu yamepatikana kuwa ndiyo meno ya pile. Akapiga kashe ya ndara. Akatazama kile kipande cha muhogo, akaona kwamba kimeshakuwa mali ya dosie, lile jalada la kesi, akakifunga kwenye karatasi.

Mlangoni alimwita Koko.

"Mama muzee, hii nyingine sasa ni ya nani?"

"Utafute mama yake," Koko alisema, hakugeuka.

Zile pile mbili zililala pamoja kwenye kitambaa usiku ule, na asubuhi Koko akazianika juani zikiwa zimelaliana. Tulipozitia, tochi iliwaka. Siyo vizuri. Siku mbili na mgonjwa zilikuwa zimemla yule wa kwetu, na mwanga ulikuwa wa njano kama chai ya kukaa. Mama aliuzima haraka, akasema hakuna mtu atakayeijaribu tena, hata kwa kuitazama.

Riziki alishikwa na uchungu kesho yake saa tisa mchana, mvua ikinyesha ya kufunika mlima. Ndani ya nyumba mlango ukifungwa hukuona mkono wako. Koko alikaa nyuma ya Riziki akimshikilia mgongo. Mjomba alifukuzwa, akasimama chini ya paa la jiko. Ya nani mikono ya kushika tochi? Mama alinitazama.

"Uelekeze hapa. Uso wako uangalie ukuta."

Nilitazama ukuta. Nakumbuka nyasi moja iliyochomoza kwenye udongo, na sauti ya Mama ikiniongoza: "Chini. Chini tena. Hapo." Nilikuwa namuomba Mungu kwa ajili ya Riziki, lakini nikiwa mkweli, sala yangu nyingi ilikuwa ya pile. Mtoto alilia. Sikuthubutu kufurahi, kwa kuwa Mama hakuwa amesema neno. Kisha akasema, "Leta karibu. Karibu zaidi." Na baada ya muda ambao sijui nilipumua au vipi: "Naona. Iko kipande ya kondo imebaki. Naiona." Mikono yake ilifanya kazi. Riziki alilia mara moja. Mwanga ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Imekwisha," alisema Mama. "Damu haitoki tena. Atapona."

Nilidhani anasema na mimi. Alikuwa anasema na yule mwanamke wa Baraka.

Koko bado alikuwa anasubiri, mikono ameitanua. "Na wa pili?"

"Hakuna wa pili, Mama. Ni mumoja. Ni mukubwa tu."

Mvua ilipiga paa. Koko hakuwa mtu wa kukosea, na alihitaji dakika moja kupanga jambo lile.

"Basi mwengine ameenda kutafuta kuni," alisema.

Niligeuza uso kutoka ukutani. Katika kile kiwaya cha mwisho cha mwanga nilimwona Mama, damu hadi kwenye viwiko, akimtazama mama yake. Sikuwahi kumsikia akitamka maneno yale, wala kuyajibu.

"Na mvua hii," Mama alisema polepole, "zitakuwa mbichi zote."

Koko alicheka kwanza. Halafu Mama, halafu wote wawili wakawa wanalia, nami sikuelewa nani anacheka na nani analia, kwa sababu tochi ilizimika. Pile zote mbili, kwa pamoja, kama sheria ilivyosema.

Riziki alipona, tukateremka Kazimia, tukavuka. Sasa niko Baraka tena, naandika barua za watu wengine ofisini, na kwenye mtoto wa meza yangu pile zimefungwa mbili mbili kwa mpira. Wenzangu hunicheka. Huwaonyesha pakiti, ambako imeandikwa kwa lugha nne, kwa herufi za kupoteza macho, kwamba usichanganye pile mpya na za zamani. Sababu hawakuiandika, wala jina la Koko. Mjomba, ambaye sasa ana duka la kutengeneza redio, hueleza jambo hilo kwa wateja kama kitu alichokijua siku zote, naye huliita chimie.

Siamini kwamba pile ni ndugu. Ninachoamini ni kigumu zaidi kukieleza kwa wenzangu: kwamba bibi yetu, alipokuwa akitusumbua kuhusu pile, alikuwa anatueleza habari za mtoto wake aliyebaki mkononi, yaani Mama, aliyelazimika kuishi na nguvu za wawili huku akivutwa na yule asiyekuwepo, na kwamba hakuwa na njia nyingine ya kulisema hilo mbele yake.

Mama alipotutoka, mimi ndiye niliyepeleka habari bureau ya kuandikisha vifo. Karani alikuwa kijana mpole mwenye kashe halisi. Aliniuliza sababu. Nikatazama nafasi kwenye fomu. Ilikuwa fupi kama kidole.

"Andika uzee," nilimwambia.

Aliandika, akapiga kashe, akanipa pole. Nyumbani Riziki alikuwa ameketi na yule binti aliyezaliwa mvuani, mkubwa kunizidi kimo. Riziki aliniuliza bureau wamesema nini.

"Wameandika uzee," nilisema.

Riziki alitikisa kichwa. "Ameenda kumusaidia mwenzake kubeba," alisema, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka.